Mainspekta Watatu Mbele ya Sufuria Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kwamba nimeanza kazi. Nilikuwa nimepeleka samaki tu. Kikundi cha maigizo kilichozunguka shule za sekondari za Homa Bay na Migori kilikuwa kimeniagiza ngege wawili wa kukaanga na ugali, vifike katika shule moja ya wavulana mjini Homa Bay kabla ya saa nne asubuhi. Nilifika mapema, nikakuta watu wazima wanagombana ndani ya ukumbi wa kulia chakula. Mmoja wao alikuwa amevaa gambuti na sweta yenye viraka vya ngozi viwikoni, na jua lilivyokuwa kali siku hiyo. Mwanamke aliyetakiwa kuigiza mpishi alikuwa amesusa akaenda zake, kwa sababu aliambiwa ashike sufuria iliyotoka motoni kweli.

Mkurugenzi wa kikundi, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Mama, hii samaki umepika wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Na hiyo sufuria haikuchomi?"

"Inachoma. Nimezoea."

"Basi wewe ndio mpishi. Simama hapo. Huyu Inspekta akikuuliza kitu, jibu tu vile ungejibu polisi wakikuja kwako jikoni."

Nikasimama. Nilikuwa nimembeba binti yangu Adhiambo mgongoni, na Mkurugenzi akasema mtoto akae hapo hapo, mpishi mwenye mtoto anaaminika zaidi. Nilikaa katika jiko hilo la kuigiza mpaka mtoto huyo akawa mwanamke mzima. Watu huniuliza kwa nini niliacha jukwaa nikiwa bado na sauti na magoti. Niliacha kwa sababu ya sahani moja ambayo haikuliwa, kule Kegonga, iliponibidi nichague kati ya kazi yangu na mwigizaji niliyempenda kuliko wote. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana vijana wa siku hizi mnauona mchezo kwenye simu mkadhani umejipika wenyewe.

Inspekta Makombo kila mtu anamjua, lakini huenda kuna aliyelelewa mbali na redio. Alizaliwa huko redioni, katika hadithi za jioni, akaingia vitabuni, kisha akatufikia sisi. Ni mpelelezi asiyeingia nyumba ya msiba kwa mlango wa mbele. Huzunguka nyuma, akavua gambuti zake mlangoni pa jikoni, akaomba maji ya kunawa. Hachunguzi nyayo wala barua. Huchunguza mabaki ya chakula: nani alikula nini, nani aliacha nini, nani alijifanya ameshiba. Wapenzi wake wote wanaijua kauli yake: "Mwenye nyumba husema anachotaka. Sahani husema ilichoona."

Katika mchezo wetu, tajiri wa shamba la miwa amekufa. Jamaa zake wanasema alikula, akalala, hakuamka. Inspekta anakuta samaki ameliwa mwili wote lakini kichwa hakijaguswa, na kijiji kizima kinajua kwamba tajiri huyo alikuwa anaanza na kichwa. Kwa hiyo aliyekula ni mtu mwingine. Mpishi anamjua ila anaogopa kusema. Inspekta hamtishi. Anakaa naye chini, wanakula sahani moja, kisha anamshika mkono, naye mpishi anafungua kinywa. Hapo ndipo mchezo wote ulipokuwa. Tuliliita Onyesho la Sahani.

Msione ni rahisi. Kula jukwaani ni kazi. Tonge liwe dogo, liingie upande mmoja wa shavu, ili neno lipite upande wa pili. Samaki akaangwe mpaka akauke, mchuzi usije ukaharibu maleba, yaani nguo za kuigizia. Sauti uitupe kwenye meza ya mwisho, kwa sababu mabati ya ukumbi wa kulia humeza maneno. Halafu kuna kyu, yaani neno au tendo la mwenzako linalokuambia kwamba sasa ni zamu yako. Kyu yangu kubwa ilikuwa tonge la tatu la Inspekta. Akilimeza, mimi naanza kusema nilichokiona. Asipomeza, nimekwama.

Inspekta wangu wa kwanza, yule wa gambuti, alikuwa Bwana Zakaria, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Alimwigiza Inspekta kama serikali yenyewe imekuja kukutembelea. Mgongo wake haukuwahi kugusa kiti. Alipouliza, "Jana usiku ulipika nini?" hata walimu waliokaa nyuma walijaribu kukumbuka walichopika. Shida yake ilikuwa moja. Hakutaka kula.

"Ofisa wa serikali hawezi kula kwa shahidi," alisema. "Hiyo ni hongo."

Mkurugenzi alishika kichwa. "Zakaria! Hiyo ngege si hongo, hiyo ni propu!" Propu ni kitu chochote tunachokishika jukwaani, kuanzia kijiko hadi jeneza. "Nilisema chakula kiwe cha kweli kwa sababu mtu akila kweli, watu wanamwamini. Kula!"

Zakaria alitafuna hewa miaka yote aliyokaa nasi, nami nikawa nahesabu matonge ya hewa ili nipate kyu. Ngege walirudi kwangu wazima, tukawala nyumbani, kwa hiyo sikulalamika sana. Na lazima nimpe haki yake: hakuna aliyejua kunyamaza kama yeye. Siku moja Ndhiwa mvua ya mawe iliangukia mabati katikati ya mchezo, hakuna neno lililosikika. Zakaria hakupiga kelele. Alikaa mlangoni pa jikoni, akaanza kuvaa gambuti moja, taratibu, akiniangalia. Akaivua. Akaitazama ndani. Akaivaa tena. Wanafunzi walikaa kimya wakimtazama mpaka mvua ikapita, na ilipopita akaendelea na swali lake kana kwamba limekatizwa na chafya tu. Nilijifunza kwake kwamba mwigizaji asiye na haraka hashindwi na hali ya hewa.

Magoti yalipomzidi akaja Chacha, kijana wa Kikuria kutoka Kegonga, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia kabla yake. Inspekta wake alikuwa mtu wa watu. Alitania, alipiga magoti kuchungulia chini ya meza, na mpishi aliposema ukweli, alilia machozi yenyewe. Na alikula! Mungu wangu, mtu huyo alikula. Nilianza kupika ngege watatu.

Nyumbani kwetu ni Kosele, ndiyo maana kikundi kizima kiliniita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele. Tulipoenda kuigiza katika shule ya kwetu, nilivaa kitambaa kipya, maana ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa majirani. Chacha akavua gambuti, akanawa, akainama juu ya sahani ya marehemu, na kabla sijajua kinachoendelea akakitia kinywani kichwa cha samaki. Ushahidi wenyewe. Akakitafuna mpaka macho.

Nilisimama na mwiko mkononi. Bila kichwa hakuna kesi, bila kesi hakuna mchezo, na jirani zangu wote wananitazama.

"Inspekta," nikasema, "hicho ulichomeza kilikuwa ushahidi."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Chacha akatoa mfupa mmoja mdomoni, akauangalia mbele na nyuma, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Basi mimi ndio mshukiwa wa kwanza. Nifunge, mama."

Mkurugenzi alimnunia njia nzima ya kurudi. Chacha mwenyewe alikuja kwangu baadaye, ameshika kofia.

"Nyar Kosele, unisamehe. Kwetu Kegonga samaki akifika huwa ameshapoteza kichwa njiani. Nilidhani leo ni bahati yangu."

Ungeweza kumkasirikia mtu kama huyo? Mimi sikuweza. Alipoacha maigizo akarudi kwao kulima, nilimkaangia ngege mkubwa mwenye kichwa, akaondoka naye amemfunga kwenye gazeti.

Wa tatu alikuwa Ouma.

Ouma alitoka upande wa Ndhiwa, akaajiriwa kupakia na kupakua masanduku yetu. Mkurugenzi alipotafuta Inspekta mpya, alimkalisha kila aliyetaka mbele ya sahani akamwambia, "Angalia." Walimu wawili na mhubiri mmoja walikaa, na wote waliwaangalia watu. Ouma, aliyekuwa anaturudishia kigoda mahali pake, aliambiwa naye ajaribu. Akaitazama sahani. Aliitazama mpaka mimi, niliyeipakua, nikainama kuangalia kuna nini.

"Ndio huyo," alisema Mkurugenzi.

Mama yake Ouma alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa nyumba hii na ile, akila kwa watu. Alijua sahani. Alijua mtu anayekupa chakula kwa moyo na anayekupa ili uondoke. Inspekta wake hakuwa serikali wala mchekeshaji. Alikuwa mgeni mwenye adabu aliyekaribishwa jikoni, na aliposikiliza, ulitamani kumwambia hata ambayo hukuulizwa. Katika mazoezi ya kwanza ya Onyesho la Sahani, pale ambapo maandishi yanasema "wewe mpishi," yeye akasema "Mama."

Mkurugenzi akapiga meza. "Kwa skripti hakuna mama. Kuna 'wewe mpishi.'"

"Mkurugenzi, mtu amenipatia chakula, halafu nimwite wewe?"

Mkurugenzi akaivuta skripti. Alichukua penseli, akafuta, akaandika.

Tuliigiza pamoja misimu mingi, Rongo, Awendo, Migori mjini, Mbita. Bila kuambiwa na mtu, nikaanza kumtolea miiba ya samaki jukwaani, naye akaanza kungoja nimalize kabla hajachukua tonge. Wasichana wa shule walilia. Mimi nilimpenda kijana huyo kama aliyetoka tumboni mwangu, na sioni haya kuliandika. Nilikuwa na binti mmoja tu. Kwa saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, nilikuwa na mwana pia.

Sasa Kegonga.

Adhiambo alikuwa amekua na ndiye aliyetunza maleba yetu. Wiki hiyo aliomba ruhusa, akasema rafiki yake wa Ndhiwa anaolewa. Ouma naye alisema angetokea kwao, tukutane huko huko. Alifika tukiwa tumeshapanga viti, akanisalimia kutoka mbali akiwa ameinamisha kichwa. Nikadhani ana mafua, anaogopa kuniambukiza.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka Onyesho la Sahani. Akavua gambuti, lakini hakukaa kwenye kigoda chake. Akakaa pembeni, bega limenielekea, uso umeelekea dirisha. Nikamsogezea maji ya kunawa. Hakunawa. Nikamsogezea sahani.

"Inspekta, kula kwanza," nikasema, ndivyo maandishi yalivyo.

"Nimeshiba."

Wanafunzi wakacheka. Inspekta Makombo ameshiba! Nikarudia, nikidhani amesahau. "Kula kwanza, safari ni mbali."

"Nimeshiba," akasema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. Hakusema Mama. Nikanyoosha mkono ili aushike, labda nipate kyu kwa njia hiyo, naye akaurudisha wake nyuma ya mgongo.

Hapo nikaelewa. Mtu wa pwani angeweza kudhani ni kiburi, na wale watoto wa Kegonga walidhani ni sehemu ya kichekesho. Lakini mimi ni Mjaluo. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala hashiki mkono wake. Tunamwita *maro*, na heshima yake ni umbali. Kijana aliyekula sahani yangu misimu yote ile, leo hawezi kunawa mbele yangu, hawezi kunitazama, hawezi kuniita Mama. Na binti yangu yuko Ndhiwa harusini.

Nikainama kana kwamba natazama moto, nikamnong'oneza bila kufungua meno, "Tangu lini?"

"Jumapili," akanong'ona.

Nilimaliza mchezo. Msiniulize vipi. Nilisema maneno ya mpishi yote bila kyu hata moja, nikamtaja mwuaji, wakapiga makofi. Kisha nikaenda nyuma ya jikoni ya shule nikakaa juu ya gunia la mahindi, nimejaa hasira. Binti yangu ameolewa, na aliyeniletea habari ni sahani!

Ouma alisimama kando ya tanki la maji, hakusogea. Meneja wa Ziara, yule anayepanga safari na ratiba, akawa mjumbe, anatembea kati ya tanki na gunia huku jasho linamtoka.

"Anasema walitaka kuja kwako na wazee mwezi ujao, kwa heshima. Hakutaka ujue hivi."

"Mwambie asinipigie magoti kwa miguu yako. Adhiambo yuko mzima?"

Akaenda, akarudi. "Mzima. Anaogopa wewe."

"Vizuri. Aogope kidogo."

Mkurugenzi alikuja amewaka. "Nyar Kosele, nyinyi ni watu wa kanisa, hii ni maigizo! Atafune hewa kama Zakaria, tuendelee."

Ouma akajibu mwenyewe, kutoka kule tankini, bila kuniangalia. "Si kula tu, Mkurugenzi. Kuna mkono. Tunacheza Ndhiwa, tunacheza Kosele, watu wetu wako hapo. Nikikaa naye sahani moja, nimshike mkono, nitakuwa nimewaambia Adhiambo si bibi yangu. Ni msichana tu niko naye."

Wazee wangetaja *chira*, ule mkosi unaomkausha mtu aliyevunja mwiko. Mimi sikuogopa hilo, naomba kwa Mungu wangu kila asubuhi. Nilichokiona ni jina la binti yangu likiliwa mbele ya watu kama samaki.

"Basi imeisha," alisema Mkurugenzi. "Mainspekta wamekuja watatu. Mpishi ni mmoja. Ouma arudi kwa masanduku."

Nikiri jambo. Nilitaka kunyamaza. Kazi ile ilikuwa yangu kabla Ouma hajaota meno. Jukwaani ndipo mahali pekee ambapo watu walikaa kimya nikaongea. Ningenyamaza kidogo tu, na Mkurugenzi angekuwa ameshaamua, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikamtazama kijana pale tankini. Alikuwa anazifunga gambuti pamoja kwa kamba, tayari kuzirudisha sandukuni, na alikuwa anazifunga vizuri.

"Mimi ndio nitaenda," nikasema.

"Kwa nini wewe?"

"Mpishi anafundishika. Kuangalia sahani vile yeye anaangalia, utamfundisha nani? Na huyo sasa ana mtoto wangu nyumbani kwake."

Mkurugenzi alikaa kando yangu juu ya gunia. Sauti yake ya ng'ombe ilikuwa imekwisha. "Nilikupata na samaki wawili. Sasa mwingine nitatoa wapi?"

"Sokoni," nikamwambia. "Mimi ulinipata wapi?"

Nikamfundisha mwenzangu aliyechukua nafasi, mama mmoja mcheshi wa Migori mjini aitwaye Rosa, aliyekuwa muuza nguo. Nilimwonyesha namna ya kushika sufuria ya moto bila kitambaa kuonekana, na bloking yote, yaani ramani ya miguu, hatua ngapi kutoka jiko hadi kigoda. Nilimwambia asubiri tonge la tatu. Sikumwambia habari ya miiba. Nilishindwa, ikabaki kwangu. Wazee wa Ndhiwa walikuja nyumbani kwa heshima, wakasema yao, tukasema yetu, nikapata mkwe mwema. Watu walinipongeza, wakaniambia anayeoza binti huongeza mwana. Niliitikia. Lakini kwangu mambo yalikwenda kinyume: mwana nilikuwa naye, na siku alipokuwa mkwe nikampoteza.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kuwasumbua wanakwaya. Vijana wa maigizo huja kunihoji, simu zao zimeelekezwa usoni pangu, na wote huuliza lile lile: katika Mainspekta wote, nani alikuwa bora? Nawaambia kwa kunyamaza ni Zakaria, kwa kuchekesha ni Chacha, na Inspekta Makombo mwenyewe ni Ouma. Wanasema, kwani umemwona siku hizi? Ameiva, Nyar Kosele, Onyesho la Sahani sasa linaua watu. Adhiambo aliwahi kuniletea simu, amelirekodi lote. Nikamwambia azime. Simu nayo ina macho, na macho hayo yangekuwa yangu.

Mwezi uliopita waliigiza katika shule ya wasichana karibu na Ndhiwa. Nikaenda. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nimejifunika kitenge. Nikamwona akizunguka nyuma, akivua gambuti. Ana mvi kidogo sasa juu ya masikio, zinampendeza. Akaitazama ile sahani, na wasichana wote mbele yangu wakasogeza shingo kuangalia kuna nini. Kisha Rosa akamletea maji ya kunawa. Nikainuka, nikatoka.

Nje, mpishi wa shule alikuwa amesimama dirishani na mwiko wake, anachungulia.

"Mama, mbona unatoka? Sasa ndio inakuwa tamu."

"Huyo Inspekta ameoa kwangu."

Akanitazama, akatingisha kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. "Aa. Basi kaa hapa kwa ukuta. Mimi nitaangalia."

Nikaegemea ukuta, mgongo wangu kwenye dirisha. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

"Anakula?" nikamuuliza.

"Bado. Anaangalia." Akabandika uso kwenye dirisha. "Haya. Ameanza."

"Anakula vizuri?"

"Anakula vizuri, mama," akasema. "Anakula kama mtu ako kwao."